Riwaya ya Mauaji Katika Foleni ya Kajiado

Jumatatu nilikuwa nimeketi katika ofisi moja ya serikali mjini Kajiado, nikisoma riwaya kuukuu ya Kiingereza. Mama wa Kimaasai aliyekuwa kando yangu akaniuliza, "Hiyo kitabu inasema nini?"

"Tajiri ameuawa nyumbani kwake. Mpelelezi anahoji wageni wote ajue nani alimuua."

"Polisi walikuja lini?"

"Asubuhi hiyo hiyo."

"Na hawakuitisha kwanza pesa za mafuta ya gari?"

Nikakiri kwamba mafuta hayajatajwa. Akafunika mdomo kwa shuka, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Kisha akatulia, akaniambia kwamba ndugu yake aliuawa Kisaju kwa sababu ya shamba, na huu ni mwaka wa tatu akija hapa kuulizia kesi.

"Muuaji hajulikani?" nikauliza.

"Tunamjua sisi wote. Tukikutana sokoni ananisalimia."

Karani akachungulia dirishani, akamwona, akatikisa kichwa hata kabla hajaulizwa. Mama akainuka taratibu.

"Sisi hatutafuti muuaji," akaniambia. "Tunatafuta faili."

Waingereza walituachia lugha, sheria na riwaya zao. Mpelelezi walirudi naye kwao.