Kikomo cha Alama Tano

Ofisi nzima ya maji ilimwita Mama Mabano, kwa kuwa ndiye aliyeandika programu ya kupima ugumu wa kila hesabu inayoingia kwenye mitambo yao. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha au kugawanya, alama moja. Mabano ndani ya mabano, alama nyingine. Hesabu ikizidi alama kumi na mbili inakataliwa, nawe rudi ukaivunje vipande. Hakumwonea mtu haya, hata mkubwa wa ofisi.

Kisha akapata kiharusi kidogo. Mkono ulirudi, ulimi ukarudi, lakini hesabu ndefu hazikurudi. Akifika bano la tatu, la kwanza limeshamtoka kichwani. Alilificha hilo kwa mzaha na vikombe vingi vya chai. Ila Jumatatu iliyofuata alitakiwa aeleze mbele ya wote hesabu yake ndefu ya kuwasha pampu, ndipo mkubwa aamue kama abaki kazini au apumzishwe. Aliogopa, kusema kweli, kuliko alivyoogopa hospitali.

Jumatano asubuhi programu ikakataa kazi za ofisi nzima. Kikomo kilikuwa kimeshushwa hadi tano.

"Nani kachezea hiki kitu?" mkubwa akafoka.

"Mimi," alisema binti wa meza ya jirani, ambaye Mama Mabano ndiye aliyemfundisha kazi. "Hizo ndefu zinanichanganya. Tujaribu wiki moja tu, bosi."

Mkubwa akakubali, wenzake wakamtania mpaka basi. Yeye huyu anayemaliza hesabu ya alama ishirini kichwani huku anatafuna karanga. Mama Mabano akamtazama. Binti akazidi kuinamia kibodi. Kwa siku mbili yeye na binti wakaivunja pamoja hesabu ya pampu, kila kipande kikapewa jina: maji yanayohitajika, maji yaliyomo tangini, pengo, dakika za kuwasha pampu.

Jumatatu Mama Mabano alisimama ubaoni, akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakupotea hata mara moja.

"Kumbe rahisi hivi," mkubwa akasema. "Basi turudishe kumi na mbili, huyu binti azoee kama wenzake."

Watu wakacheka. Binti naye akacheka, akiibeba aibu isiyo yake. Mama Mabano hakuweza kuvumilia.

"Si yeye," akasema. "Anayechanganyikiwa ni mimi, tangu nilipougua. Mwanangu kanisitiri tu."

Mkubwa akaugeukia ubao.

"Basi ibaki tano. Tumalizie mstari wa nne, Mama," akasema taratibu. "Hizo dakika tunazipataje?"

"Unachukua pengo," akajibu, machozi yakimtoka, "unagawanya kwa lita za kila dakika."