Gambuti za Ijumaa

Elkanah ni kinyozi tu pale Migori, lakini Jumapili akitoka na ile suti ya rangi ya maziwa, hata mabodaboda wanapunguza mwendo kwa matope. Zamani tone moja likimgusa, siku imeharibika. Alikuwa anaimba kwaya huku anakagua suruali.

Halafu Motari, kiongozi wa vijana kanisani, akamwambia kuhusu Wastoa, watu wa falsafa wa Ugiriki ya kale. Hao walikuwa wanafanya mazoezi ya kupoteza. Unavaa vibaya makusudi, unajiuliza: hii ndiyo nilikuwa naogopa?

Basi kila Ijumaa Elkanah akawa anapita sokoni na gambuti na sweta imetoboka viwiko. Mara ya kwanza alijificha nyuma ya magunia ya mahindi. Baadaye ikawa tamu, akawa anapiga mluzi.

"Wastoa wamenifundisha kuachilia," alimwambia Motari. "Yesu ndiye amenionyesha naachilia kwa nani."

Shida ni kwamba Ijumaa moja alionwa na Truphena, shangazi ya Marion. Na Marion ndiye Elkanah alitaka kuoa.

Siku ya ayie ikafika, ile ya kwenda kumwomba mama ya msichana akubali. Elkanah akaingia kwao Marion, Oyugis, ndani ya suti ya maziwa, Motari nyuma. Bakuli la kuku likawekwa mezani, na hata kabla hajapakuliwa, Truphena akaanza.

"Hiyo suti umeazima wapi, baba? Mimi nilikuona Migori na gambuti. Sweta inapumua."

Wamama wakacheka mpaka wakashikana mabega. Marion akainamisha kichwa. Mama yake, Damaris, hakucheka.

Masikio ya Elkanah yakawaka. Lakini mdomo wa shangazi haukuwa mkononi mwake auzuie. Akaomba kimoyomoyo, na kicheko kikamtoka chenyewe.

"Ni kweli, mama. Sweta ni yangu na suti ni yangu. Ya kuazima ni tai."

"Na narudi nayo leo," Motari akasema.

Damaris akamkazia macho. "Na nikikataa?"

"Nitalia mpaka Rongo, mama. Lakini hata hivyo nitamshukuru Mungu kwa kuku huyu."

"Huyu Marion akikasirika anarusha sufuria," Damaris akasema, sasa anacheka. "Niliogopa atatuletea hapa mtu wa hasira kama yeye. Nimekubali."

Truphena akaruka na kigelegele, kiwiko kikagonga bakuli, mchuzi wote ukamwagika kwa suti ya maziwa.

Elkanah akaangalia goti lake. Kulikuwa na paja la kuku hapo. Akaliokota, akauma.