Nilivyokubali Kuwa Mshenga

Mimi kwa kawaida hukataa kwanza, halafu ndipo nauliza nimekataa nini. Ni tabia ya nyumbani. Kwetu Iringa wanatutania kwamba hasira za Wahehe ziko karibu na mdomo, na zangu sijawahi kupata wa kunisaidia kuzisogeza. Kwa hiyo yule kijana aliponiambia, "Tia, nataka unisaidie jambo," nilimjibu, "Sitaki," huku nikiendelea kugeuza chapati.

Hakuondoka. Alikuwa mtumishi wa serikali hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, lakini ni mtu wa kusini, wa Inhambane, aliyeletwa huku kufanya kazi katika ofisi za wilaya. Tangu afike alikuwa anakula kwenye kibanda changu, chai na chapati asubuhi, wali mchana. Kiswahili chake alikipatia kwenye benchi langu, ndiyo maana mpaka leo anakijua zaidi upande wa chakula. Mimi nilivuka Ruvuma na masufuria yangu wakati watu wa gesi walipokuwa wengi, nikisema nakaa kidogo, na hicho kidogo hakijaisha.

"Nataka kuoa," alisema.

Msichana alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti wa familia ya Kimakonde iliyohamia mjini kutoka bara. Walikuwa wamependana vya kutosha, na kwao msichana walisubiri kumwona mtu wa kumsemea kijana. Lakini baba yake kijana alishafariki, mama yake ni mzee na yuko Inhambane, na wenzake wa ofisini wote ni watu wa kuletwa ambao hata salamu ya hapa hawaijui.

"Nikienda na wale, tia, wazee watadhani wamepelekewa notificação ya kuitwa ofisini."

Nilicheka bila kutaka. Akaendelea kunieleza kwamba amepata transferência, mwisho wa mwezi anahamia Mbau. Akiondoka kabla posa haijakubaliwa, watu watasema alikuwa anapita tu, na aibu itabaki kwa msichana.

"Sina mtu mwingine, tia."

Tia ni shangazi kwa Kireno, na vijana wa ofisini humwita hivyo kila mwanamke wa makamo. Nilijua hilo. Hata hivyo nilijikuta nimesema sawa, nikashtuka kuliko yeye. Mshenga! Mimi, ambaye ndoa yangu mwenyewe ilinishinda Makambako.

Jumamosi tulikwenda kwa baba wa msichana. Nilivaa kitenge kipya, na njia nzima nilimwonya kijana afunge mdomo. Kwetu binti huombwa kwa baba yake, na kwao kijana ni hivyohivyo, basi hatukuwa na la kuulizana. Baba mtu, fundi seremala mpole, alitutolea viti alivyovichonga mwenyewe, tukala mihogo kwa kuku. Tulipomaliza kunawa nikasema maneno yangu yote, na niliyasema vizuri, sitajinyima sifa hiyo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia, mama," alisema.

Nikangoja. Akaniuliza kama nimeziona korosho za mwaka huu. Nikasema nimeziona. Nikairudia posa kwa njia ya kuzunguka, naye akarudi kwenye korosho. Jioni tukaaga bila ndiyo wala hapana.

Siku zilizofuata ziliniumiza. Kijana alikuja kama kawaida, akala, akanitazama, akaondoka. Alipomuuliza msichana, alijibiwa tu, "Bado hamjamaliza," tukayachukua kuwa maneno ya kumbembeleza. Nilijiambia wamekataa kwa sababu yangu. Nani ampe binti yake mtu asiye na kwao hapa, aliyeletwa na mpika chapati wa kigeni? Nilikuwa na uchungu, na kwa kuwa uchungu wangu hutoka kama hasira, wateja walikiona cha moto. Wali niliunguza, chai nikasahau sukari.

Halafu asubuhi moja akaja mama wa msichana kununua chapati, akiwa anacheka hata kabla hajakaa.

"Dada, mwanangu mlikuja kumposa kwa nani?"

"Kwa baba yake. Ulitaka tumpose kwa administrador wa wilaya?"

"Sisi mtoto ni wa mjomba wake! Kaka yangu yuko Quionga, anawangoja mpaka leo. Mume wangu pale ni mgeni kama wewe. Wageni wawili mmekaa kitako mnagawana mali ya watu!"

"Sasa mbona hakusema?"

"Aseme nini? Mwanamume aalike watu kwake, awalishe, kisha awaambie hana sauti? Kuuliza si ujinga, dada yangu."

Binti naye alidhani kwa baba tulipita kusalimia tu, na kwamba safari ya Quionga inafuata. Kumbe hatujakataliwa! Nilikaa juu ya gunia la unga nikacheka mpaka machozi. Kisha nikakumbuka kwamba mtu tuliyemruka ndiye mwenye neno, na kijana anaondoka Jumatatu.

Tulifika Quionga kwa pikipiki, tumejaa vumbi. Mjomba alikuwa nyuma ya nyumba anafua nazi. Aliitikia salamu zetu, akatuonyesha mkeka, akaendelea na kazi.

"Mlianzia kwa shemeji yangu," alisema.

Njiani tulikuwa tumepanga niseme mimi ni mama mkubwa wa kijana, na nilikuwa na maelezo marefu ya kwa nini tulichelewa. Nikayatafuta yote, nikaona hayana kichwa wala miguu.

"Tulikosea, baba. Kwetu sisi binti huombwa kwa baba yake, na hatukuuliza."

Akachomeka nazi nyingine kwenye kifuo.

"Na wewe ni nani wake?"

Kijana alifungua mdomo, nikamuwahi. "Si ndugu yake. Namuuzia chakula."

Mjomba aliiacha ile nazi palepale kwenye kifuo, akaja kukaa, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Chakula kikichelewa, huyu hufanya nini?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania.

"Hungoja," nilisema. "Njaa ikimzidi, huja kunipulizia moto."

"Ukikiunguza?"

"Hula, ila atasema. Juzi hapa nimeunguza sana, na kila mara amesema."

"Hasira?"

"Anazo. Siku moja alimfokea mama anayeniletea maji, kwa kuwa alimmwagia kwenye viatu. Nikamfukuza. Kesho yake alirudi, akamwomba radhi yule mama kwanza, ndipo akanisalimu mimi."

Kijana alikuwa ameinamisha kichwa. Nikaona nimemharibia. Mshenga gani anakwenda kutaja kasoro za bwana harusi mbele ya wenye binti? Nilitamani ningesema ile ya mama mkubwa.

"Ndugu angekuja hapa akamsifu mpaka nikasinzia," mjomba alisema. "Wewe unamjua akiwa na njaa. Mpwa wangu ataishi na huyo huyo mwenye njaa."

Akachukua simu, akampigia dada yake, akaweka sauti juu ili tusikie wote. "Waambie waanze kutwanga unga wa harusi," alisema, na upande wa pili vigelegele vikapasuka. Nilishusha pumzi ambayo nadhani niliibana tangu ile siku ya korosho, nikaomba maji, nikanywa, nikaomba mengine. Kijana alikuwa anashukuru kwa Kiswahili, kwa Kireno na kwa lugha ya mama yake, vyote kwa pamoja.

Tulipokuwa tunaaga, mjomba alinielekea mimi.

"Wakigombana nitakuita wewe."

"Baba, mimi nimekuja kutafuta maisha tu huku. Iko siku nitarudi kwetu."

"Utarudi, hakuna atakayekuzuia. Lakini utapita hapa kwanza uniage."

Vita vilipofika Palma nilifunga kibanda, nikabeba nilichoweza, nikakimbia, na niliporudi hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Nilimwambia nitamuaga. Tangu nivuke Ruvuma, alikuwa mtu wa kwanza kutaka nimuage.