Kapi Saba wa Mama Kubwa

Nilijiponza kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilipoanza kazi ya nyumba pale Al Thumama, Doha, Mama Kubwa, yaani mama mzazi wa mwajiri wangu, aliniuliza kama ninajua samaki. Nikamjibu kwamba nimezaliwa Naivasha, kando ya ziwa, na samaki aina ya kapi nimewajua tangu utotoni. Ni kweli niliwajua, ila wakiwa wameshakaangwa.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Januari, bwawa lake la uani lilipopata ufa, kazi ya kuwahamisha kapi wake saba iliniangukia mimi. Zilikuwa zimebaki siku tisa niende likizo. Binti yangu nilimwacha na miaka minne, sasa ana sita, na kwenye simu alishaanza kuniita shangazi. Likizo ile ingeweza kufutwa kwa neno moja tu la Mama Kubwa. Nikachukua wavu.

Watu wa nyumbani hawaamini nikisema Doha kuna baridi. Upepo ulipenya sweta mbili. Nilifungua bomba la chumba cha kufulia, nikavuta mpira wa maji nje, nikajaza beseni kubwa, kisha nikaingia bwawani hadi magotini. Kwa baridi ile kapi walikuwa wamelala chini, wazito, na sita niliwanasa upesi nikawatia kwenye beseni. Wa saba, mweupe mwenye doa jekundu kichwani, kipenzi cha Mama Kubwa, alinizungusha mpaka vidole vikafa ganzi.

"Si ulisema we ni mtu wa Naivasha?" dereva wa nyumba, Mganda mwenye utani mwingi, alinichokoza kutoka barazani.

Nilipomtia kipenzi wavuni, dereva alikuwa ameacha kucheka. "Dada, mbona hao wanahema hivyo?"

Sita wale walikuwa juu ya maji, midomo wazi. Nilielewa papo hapo. Wakati wa joto, tangi la juu ya paa huchemshwa na jua, kwa hiyo huku tunazima hita na kutumia bomba lenye alama nyekundu, maana maji yaliyotulia ndani ya hita ndiyo yenye nafuu. Mkono wangu ulikuwa umezoea hivyo. Nilisahau kwamba hita imewashwa tangu Desemba, na beseni nimelijaza maji ya moto.

Nilimwachia kipenzi, nikawarudisha wenzake bwawani mmoja mmoja, nikimwomba Mungu kwa sauti. Watano waliogelea. Wa manjano, mdogo kuliko wote, aligeuka tumbo juu.

Mama Kubwa alikuwa amesimama mlangoni. "Nani alifungua maji?"

Dereva aliangalia viatu vyake. Uongo ulinifika hadi kwenye ulimi.

"Mimi, mama. Na samaki siwajui. Nilikudanganya."

Mama Kubwa alitumbukiza mkono wake kwenye beseni, kisha akaukamata wangu ulioganda na kuuzamisha humo. Uliwaka moto. Nikapiga kelele.

"Ndivyo walivyosikia," alisema kwa Kiarabu chake cha polepole.

Nikasubiri lile neno moja.

"Kabla hujasafiri, mfundishe dereva kuwalisha. Awatunze mpaka urudi."

Nililia pale pale, mkono ukiwa bado ndani ya beseni.