Feni ya Kaka na Mdomo wa Tarumbeta

Nilikuwa nimepiga magoti nikisugua sakafu ya kanisa wifi yangu aliponipigia simu. Hakusalimu. Alisema, "Wifi, kaka yako ameanguka kazini. Hajainuka." Nilibaki nimeshika brashi kama mjinga, maji ya sabuni yakinilowesha sketi, na jina la kwanza lililonijia halikuwa la Mungu. Lilikuwa la Tarumbeta.

Kaka alikuwa fundi wa majiko ya chuma, yale ya kuni yanayopasha nyumba joto msimu wa baridi. Mtu wa maneno machache, mikono yote makovu ya moto, lakini akianza kucheka hamalizi. Mteja akilalamika kwamba mgongo unaungua huku miguu inaganda, alimwambia ajigeuze kama samaki kikaangoni. Utani huo ndio uliomfikirisha. Alitafuta feni ndogo na betri ya pikipiki, kisha gereji ya jirani wakampa swichi ya rejeta, ile inayowasha feni ya gari injini ikichemka. Akaifunga kwa bolti mgongoni mwa jiko. Chuma kikipata moto, feni inaamka na kusukuma joto mpaka chumba cha pili, kikipoa, inalala. Hakuna wa kugusa kitu.

Jiko la kwanza la namna hiyo alilitoa zawadi kwa kanisa. Jumapili hiyo, katikati ya sala, macho yamefumbwa, feni ikaamka. Akasimama muuza majiko wa barabara kuu, mzee wa kanisa, ambaye kwa sauti yake kubwa tulimwita Tarumbeta.

"Imewashwa na nani hiyo?"

Kaka alikuwa nje akipasua kuni. Alipoingia kueleza, mabenchi ya mbele yalishakuwa matupu. Tarumbeta akazunguka mtaa mzima akisema lile jiko lina mkono wa shetani. Likatupwa uani, likaliwa na kutu. Wateja wakakata mguu. Mama mmoja alimrudishia kaka hata bawaba za mlango alizomtengenezea zamani.

Baridi iliyofuata, dukani kwa Tarumbeta kulikuwa na majiko yenye feni. Swichi ile ile, bolti mahali pale pale. Kaka alimwomba kitu kimoja tu: asimame kanisani aseme hapakuwa na shetani. Alimwendea tena na tena. Tarumbeta alicheka, akasema watu wameshasahau. Hawakuwa wamesahau. Kaka alikaa benchi la nyuma, peke yake, hadi kufa kwake.

Nilimwomba Mungu aniondolee hasira. Hakuniondolea, nami nikaichukua kuwa ruhusa.

Asubuhi ya mazishi niliwasha jiko la feni la kaka sebuleni kwake, nikalishindilia kuni, nikamkalisha Tarumbeta kiti kilicho karibu nalo kabisa. Jeneza lilikuwa katikati, waumini wamejaa mpaka uani. Akasimama kumsifu marehemu. Alikuwa amefika kwenye "ndugu yetu mpendwa" feni ilipoamka nyuma yake. Aliruka kidogo.

Sikupandisha sauti. "Mzee, imewashwa na nani hiyo?"

Mtu akakohoa. Tarumbeta alitazama viatu vyake, akasema ni swichi.

"Shetani hayumo?"

"Hayumo."

"Na swichi aliiweka nani?"

"Marehemu."

"Sema kwa ile sauti yako ya kanisani. Wa uani hawajasikia."

Akasema. Akasema pia kwamba alijua tangu Jumapili ile, na kwamba majiko ya dukani kwake aliyaiga kwa kaka. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola. Mchungaji alininong'oneza, "Binti yangu, yanatosha." Nikamwambia bado kidogo, nikaongeza kuni. Yule mama wa bawaba alikuwa analia. Nilimwacha alie.

Kumsamehe Tarumbeta bado sijaweza. Mungu anajua, simfichi.

Tulimzika kaka adhuhuri, karibu na ukuta wa makaburi. Mchungaji alisoma, tukaimba. Wanaume wakapokezana sepeto. Tarumbeta alinyoosha mkono apewe naye. Wifi yangu akalichukua, akampa mtu wa gereji. Udongo ulikuwa mgumu kwa baridi, ukajaa polepole. Tukaweka msalaba wa chuma alioutengeneza mwenyewe kwa ajili ya kaburi la mama yetu, ukabaki bila kutumika, tukafunga sala, tukarudi nyumbani. Jiko lilikuwa limepoa na feni imelala.