Jina la Kwanza Msituni Nyanchwa

Shemeji yangu Ombati alisema kisanduku hicho sitakipata. Mke wangu alisema nikikipata nitakuwa nimepata mkebe tu. Ni wao hao waliosema sitapewa viza ya Australia, na kwamba nikienda nitarudi mikono mitupu. Nilirudi na diploma ya utalii, pikipiki niliyoinunua kwa jasho langu, na mchezo ambao kwetu Ekerenyo nzima ninaujua mimi peke yangu.

Mchezo wenyewe ni huu. Mtu anaficha kisanduku penye miti, anaandika mtandaoni kiko wapi, nawe unakitafuta kwa ramani ya simu. Ukikipata, unatia jina kwenye karatasi iliyo ndani na kukirudisha. Huko Perth mapori yamo katikati ya mji, na nilipata visanduku vingi kuliko Mkenya yeyote ninayemfahamu. Lakini kila nilichofungua kilikuwa na majina ya wengine juu ya langu. Sasa mtu fulani alikuwa ameficha kimoja katika kimsitu kilicho chini ya kilima cha Nyanchwa, mjini Kisii, na hakuna aliyekuwa amekipata. Nilitaka jina la kwanza liwe langu.

Jumapili asubuhi, Ekerenyo. Ombati alikuja kuniaga ingawa sikumwita. "Shemeji, ukikosa mkebe huko, kwangu kuna wa mafuta. Nitakufichia nyuma ya choo." Nilivaa kofia ya pikipiki ili nisimsikie.

Nyamira niliipita bila kusimama. Ukungu ulikuwa bado umelalia majani ya chai, na lami ilikuwa nzuri, au mimi naendesha vizuri.

Kisii, kabla ya adhuhuri. Niliegesha pikipiki kando ya njia nikaingia msituni. Honi za mjini zilisikika kupitia mikaratusi. Simu ilinipeleka kushoto, ikanirudisha kulia, nami nikaifuata huku nimeikazia macho.

Kwenye chemchemi kulikuwa na akina mama wanne wakichota maji. Mkubwa wao, ambaye wenzake walimwita Mama Kerubo, aliweka mtungi chini.

"Wewe baba, unapima nini?"

"Sipimi, mama. Natafuta kisanduku."

"Savea wa mwaka jana alisema anatafuta mbuzi. Kesho yake tukaona mawe ya mpaka kando ya maji yetu."

Nilipaswa kuwasalimu kwanza. Kwetu ardhi ni kidogo mno, na mwanamume anayekwenda huku na huko na simu mkononi ni mpima ardhi mpaka athibitishe vinginevyo. Jambo hilo limo katika masomo ya diploma. Nililipasi vizuri.

Mama Kerubo alininyang'anya simu. "Kama kipo, kitoe. Kama hakipo, twende kwa chifu."

Nikatafuta kwa mikono, wao wakinisimamia. Mmoja alisema hata kuku wake hupekua vizuri zaidi. Hatimaye, chini ya jiwe kwenye shina la mkuyu, nikakipata: kisanduku cha plastiki, na ndani yake penseli na karatasi tupu kabisa. Nikaishika penseli.

"Ngoja," alisema Mama Kerubo. "Karatasi iko katika msitu wetu, halafu mtu wa Ekerenyo ndiye atangulie? Kesho utasema ni wako."

"Mama, huu ni mchezo tu."

"Basi haitakuuma."

Aliandika jina lake juu kabisa, polepole, kwa herufi kubwa. Wenzake watatu wakafuata. Kisha akanipa penseli na simu yangu.

"Sasa wewe. Andika shahidi."

"Shahidi wa nini?"

"Kwamba ulitukuta hapa."

Niliandika. Walinipa maji ya kunywa, wakaniambia nikirudi nianzie kwao.

Usiku, Ekerenyo. Nilikuwa nimejifunza kwamba pori la mjini lina wenyewe, na kwamba ramani ya simu haiwaonyeshi. Niliingia mtandaoni kutangaza kuwa kisanduku kimepatikana. Kulikuwa na nafasi ya kuandika aliyekipata kwanza. Mke wangu alikuwa amelala, na Nyanchwa hakuna ambaye angejua nikijitanguliza. Niliandika majina yao manne, kisha langu: shahidi.