Mstari Ulioanza na Nukta

Miaka ile ya tisini, kompyuta ya ofisi yetu pale Ifakara ilianza kunguruma kama mashine ya kukoboa mpunga. Bosi wetu, aliyekuwa Dar, akatuma agizo kwa redio: nakilini kila kitu kwenye tepu, mashine iletwe kwa treni, fundi ataifuta yote.

Tulikuwa wawili. Mimi nilikuwa mpiga chapa niliyegeuzwa mtu wa kompyuta baada ya semina fupi. Mwenzangu, mzee aliyewahi kutunza sakristia, chumba cha vitabu na mavazi ya misa kanisani, aliingiza takwimu za mbu. Masika yote mkewe alizunguka kijiji chao cha Namawala kwa baiskeli, nyumba hadi nyumba, akikusanya mbu walionaswa kwenye mitego na kuwahesabu. Fomu zake tulizirundika stoo, mchwa wakazifanyia karamu. Kazi yake yote ikawa imebaki ndani ya ile mashine inayonguruma.

"Mwanangu," mzee aliniambia, "namba hizi zikipotea, mimi Namawala sirudi. Nitamwambia nini mama watoto?"

Alicheka, lakini nilimwona anaogopa kweli.

Programu ya kunakili ilikuja na maelekezo yake humo humo kwenye mashine, kwa Kiingereza. Tukayatoa kwenye printa. Lo! Vichwa vya habari vilitoka na herufi mbilimbili, kila moja na pacha wake. Mistari mingine imekimbilia kulia bila sababu, mingine imekatwa katikati. Mimi niliyefundishwa kazi na sista aliyepima pambizo kwa rula, niliudhika kana kwamba nimetukanwa. Halafu nikaona maneno ya chini kabisa: ukurasa huu umetengenezwa na programu, usirekebishwe kwa mkono. Hapo udadisi ukaishinda hasira. Ukurasa ambao hakuna mtu aliyeuandika! Na kwa hali ile, sikudhani kuna mtu aliyeusoma kabla yetu.

Pabaya palikuwa katikati. Maelekezo yalisema, "andika majina ya mafaili unayotaka kunakili ndani ya". Basi. Mara yanaendelea: "ndipo uanze kunakili." Ndani ya nini? Hapakuwa na kitu.

Nilitoka kunywa chai. Niliporudi nilimkuta mzee mbele ya kompyuta, mikono kifuani, kimya.

"Baba, imekwama?"

"Nasubiri. Hapa wamekatisha. Kwenye kitabu cha misa, mahali kama hapa unanyamaza kidogo, ndipo unaendelea."

Nilicheka mpaka nikatafuta kiti. Aliponyamaza vya kutosha akaendelea, tepu ikazunguka, kompyuta ikatangaza imemaliza. Tukaikagua tepu. Tupu. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Nikaamua kuutazama ukurasa ule ukiwa mbichi, kabla mashine haijaupanga kwa ajili ya msomaji. Nilipofungua faili lake nikakuta mistari mingi inayoanza na nukta, kisha vijiherufi: huu wa kuanza aya, huu wa kusogeza maneno ndani, huu wa kukoleza wino. Hakuna hata mmoja uliotokea kwenye karatasi. Nikamwita mzee. Akainama, akatazama sana.

"Kama zile herufi nyekundu za kitabu cha misa," akasema. "Padri akikuta 'apige goti', hasomi. Anapiga goti."

Nikaelewa. Mistari ile ilikuwa amri kwa mashine, siyo maneno yetu. Nikashuka kwa kidole polepole mpaka kwenye "ndani ya", na hapo lilikuwapo: jina la faili tulilokuwa tunalitafuta. Jina lenyewe lilianza na nukta, na kwa bahati mbaya likaangukia mwanzoni mwa mstari. Mashine ikalidhania amri. Haikuielewa, ikanyamaza kidogo, ikaendelea, sawasawa na mzee.

Tukaandika majina ya mafaili yetu ndani ya faili lile, kwa jina lake na nukta yake. Safari hii tepu ilizunguka muda mrefu, na tulipoikagua, Namawala yote ilikuwa ndani. Mzee akafanya ishara ya msalaba. Mimi nililia, wala sikujificha.

Mashine ilirudi kutoka Dar haina hata herufi. Siku tuliyorudisha takwimu kwenye mashine, mke wa mzee alikuja ofisini, magurudumu ya baiskeli yake yamejaa matope. Mumewe alikuwa keshamsimulia habari ya nukta, na ninavyomjua, zaidi ya mara moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, nionyesheni."

Mzee akamsomea nyumba moja moja. Mama akawa anaitikia: ndiyo, ndiyo, hao hao. Kwenye nyumba moja akamsimamisha.

"Siku hiyo nilinyeshewa njia nzima. Mbu nikawafunika kwa kanga yangu, mimi nikalowa. Imo?"

Mzee akakitazama kioo cha kompyuta juu hadi chini.

"Haimo, mama watoto."

"Basi hiyo ilianza na nukta," akasema, akaenda kuchukua baiskeli yake.